"Uhuru Afrika": Kiswahili katika Santuri ya Randy Weston

Historia ya lugha haikai katika kamusi na vitabu vya sarufi peke yake. Sehemu yake nyingine hukaa katika nyimbo, katika hotuba za mikutano ya hadhara, na hata katika santuri. Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu wenzangu na wanafunzi wetu habari za santuri moja iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, nayo ni "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston. Waliopiga muziki ule hawakuwa Waswahili, na wengi wao walikuwa Wamarekani. Hata hivyo jina la santuri ni la Kiswahili, sehemu yake ya kwanza na ya mwisho zina majina yenye maneno ya Kiswahili, na katika utangulizi wake husikika sauti ya mtu anayenena Kiswahili. Swali ninalotaka tulitazame ni hili: kwa nini walikichagua Kiswahili, na uchaguzi wao unatufundisha nini sisi tunaokifundisha katika nchi ambazo mara nyingi hukitilia shaka?

Jazi ya namna gani?

Msomaji wa Afrika Mashariki au wa Kongo akisikia neno "jazi" hukumbuka kwanza bendi za dansi: Tabora Jazz, Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania, au OK Jazz ya Franco kule Léopoldville. Bendi hizo zilijiita "jazz" kwa kuwa neno lenyewe lilivuma kwa usasa, bali muziki wao ulikuwa wa magitaa, wenye udugu na rumba ya Kuba. Jazi ya Marekani ni jambo jingine. Ni muziki uliokua miongoni mwa Wamarekani Weusi mwanzoni mwa karne ya 20, hasa katika mji wa New Orleans. Humo wapigaji hukubaliana juu ya kiini cha wimbo, kisha kila mmoja hupewa nafasi ya kubuni yake papo hapo, mfano wa malenga wawili wanavyojibizana bila ya karatasi mkononi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili walitokea wanamuziki waliotaka jazi isibaki kuwa muziki wa kuchezwa ukumbini tu. Walitunga kazi ndefu zenye sehemu kadhaa zinazofuatana, za kusikilizwa kwa utulivu kama mtu asomavyo utenzi kutoka dibaji hadi tamati. "Uhuru Afrika" ni ya jamii hiyo. Ina utangulizi na sehemu nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", yaani bibi wa Kiafrika, "Bantu", na "Kucheza Blues".

Watu wanne

Randy Weston alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926, akafariki dunia mwaka 2018. Baba yake, aliyekuwa na asili ya Panama na Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey. Alimlea mwanawe kwa kumkumbusha kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba imempasa kuijua historia ya Afrika kabla ya utumwa. Mafunzo hayo hayakuwa madogo. Katika miaka ile kijana Mweusi wa Marekani aliiona Afrika katika sinema za Tarzan, ambamo Mwafrika alikuwa mtu wa kupiga makelele porini, asiye na lugha ya kueleweka.

Mtu wa pili ni Melba Liston (1926–1999), mpiga tromboni aliyezaliwa Kansas City. Yeye ndiye aliyekuwa mpangaji wa muziki huu. Pengine inafaa nieleze kazi hiyo. Mtunzi huja na sauti ya msingi na mwendo wake. Mpangaji ndiye anayeamua tarumbeta ziingie wakati gani, filimbi zinyamaze wapi, na ngoma ziachiwe uwanja kwa muda gani, kisha akamwandikia kila mpigaji sehemu yake. Wanawake wapiga ala katika bendi kubwa za wakati huo walikuwa wachache mno. Basi tunapoisikiliza sehemu ya pili, iliyotungwa kumtukuza mwanamke wa Kiafrika na kuimbwa na Martha Flowers na Brock Peters, tukumbuke kwamba mpango wa sauti zote zile, pamoja na za wanaume wote walioketi mbele ya karatasi zao, ulitoka katika mkono wa mwanamke.

Wa tatu ni mshairi Langston Hughes, mmoja wa waandishi wakubwa wa Wamarekani Weusi. Yeye aliandika mashairi ya santuri hii na maelezo ya jalada lake. Wa nne ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye aliyatia maneno ya Hughes katika Kiswahili na kuyanena mwenyewe katika utangulizi. Jina la Sanga halitajwi sana tunapohesabu wafasiri wa lugha yetu. Nadhani linastahili kutajwa.

Nyuma ya wanne hao walikuwapo wapigaji zaidi ya 20. Miongoni mwao walikuwa Clark Terry na Freddie Hubbard katika tarumbeta, Slide Hampton katika tromboni, Yusef Lateef na Cecil Payne katika ala za kupuliza za sauti nyororo na nzito, Kenny Burrell katika gitaa, na Ron Carter, ambaye bado alikuwa kijana, katika besi. Ngoma ndizo zilizokusanya pande za dunia. Max Roach na Charlie Persip walikuwa Wamarekani. Candido Camero na Armando Peraza walitoka Kuba. Babatunde Olatunji alitoka Nigeria. Mtu akisikiliza kwa makini ataona kwamba ngoma hizo hazikuwekwa kwa ajili ya pambo. Ala za shaba hupita juu yake na kupumzika, lakini ngoma huendelea, kama mazungumzo ya ndugu waliotenganishwa na bahari na sasa wamekutana katika chumba kimoja.

Mwaka wenyewe

Haiwezekani kuielewa kazi hii bila kuutaja mwaka wake. Katika mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Kongo ikiwa mojawapo tarehe 30 Juni. Nyingi katika hizo ziliingia Umoja wa Mataifa, ambao makao yake ni New York, mji ule ule ulimorekodiwa muziki huu. Tarehe 14 Desemba, hata kabla ya mwezi kumalizika tangu kurekodiwa, Baraza Kuu la Umoja huo lilipitisha tamko la kutaka ukoloni ukomeshwe. Lakini mwaka huo huo, tarehe 21 Machi, polisi wa Afrika Kusini waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Na huko Marekani kwenyewe raia Weusi wa majimbo ya Kusini walikuwa bado wanazuiwa kupiga kura na kuketi katika mikahawa pamoja na Wazungu.

Tanganyika ilikuwa bado haijawa huru. Ilingoja hadi Desemba 1961. Rwanda, Burundi na Uganda zilifuata mwaka 1962, na Kenya mwaka 1963. Kwa hiyo neno "uhuru" lilipotamkwa na Sanga mbele ya kipaza sauti, kwake yeye na kwa wengi wetu lilikuwa dai ambalo lilikuwa bado halijalipwa.

Kwa nini Kiswahili?

Weston alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 2010, kwamba alitaka lugha ya Kiafrika isikike katika kazi yake kwa heshima, ili kuyafuta yale ya sinema. Alitafuta lugha ambayo ingeweza kusimama kwa niaba ya bara zima, akaelekezwa kwenye Kiswahili.

Wapo wanaoupinga uchaguzi wa namna hii, na hoja yao si ya kudharauliwa. Husema kwamba mababu wa Wamarekani Weusi walitoka hasa Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola, si Pwani ya Afrika Mashariki. Basi Kiyoruba au Kikongo kingewafaa zaidi. Tena husema kwamba Kiswahili kilipanda bara pamoja na misafara, na miongoni mwa mizigo ya misafara hiyo walikuwamo watumwa. Yote mawili ni kweli, na mwalimu asiwafiche wanafunzi wake.

Lakini hoja ya kwanza inasahau kwamba Weston hakuwa akitafuta kabila la babu yake. Alitafuta lugha ambayo Mwafrika wa kabila moja huitumia kuzungumza na Mwafrika wa kabila jingine bila ya mmoja kumtawala mwenziwe. Ama hoja ya pili, jibu lake limo ndani ya neno lenyewe. "Huru" asili yake ni Kiarabu. Katika Pwani ya zamani lilikuwa neno la sheria: mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliitwa huru. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, hilo ndilo neno waliloshika waliofunguliwa. Wanasiasa wa miaka ya 1950 walilitwaa neno la mtu mmoja mbele ya bwana wake, wakalifanya neno la nchi nzima mbele ya mtawala. Sasa wajukuu wa watumwa waliovushwa bahari wanalitwaa tena. Sidhani kwamba lugha yoyote nyingine ingewapa neno lenye makovu yanayofanana na yao kiasi hicho.

Maneno na sarufi yake

Tuyatazame majina haya kwa jicho la darasani. "Uhuru Kwanza" si "uhuru wa kwanza". Katika kauli ya pili "kwanza" huhesabu. Katika ile ya kwanza hupanga mambo kwa kutangulia: uhuru kwanza, mengine baadaye. Hapo pana hoja nzito ya siasa ya wakati ule, maana watawala walikuwa wakisema elimu kwanza, mali kwanza, ustaarabu kwanza, na uhuru utafuata watu wakiwa tayari. Maneno mawili tu yameigeuza hoja hiyo kichwa chini. "Uhuru Afrika" nayo imeacha kiunganishi "wa". Mwalimu mkali angeweza kuitia kalamu nyekundu, lakini ndivyo wito unavyosemwa uwanjani. Tena yaweza kusomwa kama Afrika inayoitwa kwa jina lake.

"Bantu" ni neno ambalo wanafunzi wetu wa Kampala hulitambua mara moja, kwa kuwa Kiganda husema "abantu" pale Kiswahili kinaposema "watu". Mtaalamu Bleek alilitumia katika karne ya 19 kuzitaja lugha zenye udugu. Serikali ya makaburu ilikuja kulichafua kwa kulifanya lebo ya kuwabagua watu. Sheria yake ya mwaka 1953 ya kuwapa Waafrika elimu duni iliitwa kwa neno hilo hilo. Weston na Liston waliliweka juu ya kipande cha muziki ambamo ngoma za Afrika, Kuba na Marekani hupigwa pamoja, likarudi kuwa na maana yake ya asili, yaani watu. Si ajabu kwamba mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii.

La mwisho ni "Kucheza Blues". Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kucheza mpira na kwa kupiga ala, na ndiyo sababu vijana wetu siku hizi husema "kucheza gitaa" badala ya kupiga gitaa. Je, jina hili nalo ni kosa hilo? Sivyo, kwa sababu Weston alikusudia shangwe ya siku ya ukombozi, na siku kama hiyo kwetu watu hucheza ngoma. Blues ni muziki wa majonzi ya Weusi wa Marekani, ulioimbwa na waliolima pamba ya wengine. Kuucheza ni kukubali kwamba majonzi yalikuwapo, na kuinuka nayo. Wanawake wetu katika matanga huyajua hayo bila ya kufundishwa.

Kampala, Juni 1962

Kuna tukio moja linaloiunganisha santuri hii na mji wetu, na ndilo linalonitia uzito moyoni. Mwezi wa Juni 1962 Langston Hughes alikuja Chuo cha Makerere kuhudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika. Walikuwapo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele, na mwanafunzi wa hapo hapo Makerere aliyekuja kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Lakini mkutano huo uliwaita waandishi wa Kiingereza tu. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi vya mashairi na riwaya, hakuwamo, naye alifariki dunia mwezi huo huo. Marehemu Ngũgĩ aliliandika jambo hilo mwaka 1986 kwa uchungu, akiuliza ilikuwaje mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tatu za Kiingereza akaribishwe na gwiji wa Kiswahili aachwe nje.

Tuyaweke mambo hayo mawili pamoja. New York, mwaka 1960, shairi la Hughes lilionekana halijatimia mpaka lisemwe kwa Kiswahili. Kampala, mwaka 1962, Hughes huyo huyo aliketi katika mkutano wa fasihi ya Afrika ambamo Kiswahili hakikupewa kiti. Methali husema mcheza kwao hutunzwa. Hapa mambo yalikwenda kinyume: Kiswahili kilicheza ugenini kikatunzwa, kikarudi nyumbani kikaambiwa kisubiri mlangoni.

Na mlangoni kilikaa muda mrefu. Uganda ilikifahamu kama lugha ya kambi za askari na vituo vya polisi. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikiongezea mzigo badala ya kukipunguzia, kwa kuwa amri iliyotamkwa na wenye bunduki ilisikika kwa watu kwa lafudhi ya bunduki. Wako wazazi hadi leo ambao wakisikia mtoto anajifunza Kiswahili humkumbuka askari aliyevunja mlango usiku. Si haki kuwacheka wazazi hao. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, na mwaka huo Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Hayo ni mema, lakini amri ya serikali haiponyi kumbukumbu. Kumbukumbu huponywa na kumbukumbu nyingine iliyo bora. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba lugha hii ni ya vitisho anahitaji kuisikia mahali ambapo watu waliotishwa waliitumia kujisimamisha.

Darasani

Kwa sababu hiyo nawapendekezea wenzangu waitumie santuri hii katika vidato vya juu na vyuo vya ualimu. Kwanza, wanafunzi wausikilize utangulizi mara mbili, waandike maneno waliyoyashika, kisha waeleze kwa nini mfasiri alisema hivi na si vile. Pili, wajadili majina ya sehemu zake kama tulivyofanya hapa. Tatu, wailinganishe na "Indépendance Cha Cha", wimbo ambao Joseph Kabasele na bendi ya African Jazz waliuimba kwa Kilingala mwaka huo huo wa 1960. Wajiulize kwa nini ule ulienea barani kwa furaha ya dansi, na huu wa Weston ukabaki kwa wachache wanaokaa kitako kuusikiliza.

Mwisho, wapewe kazi ya Sanga. Kila kundi lichague shairi fupi la Mwafrika aliyeandika kwa Kiingereza au Kifaransa, walitie katika Kiswahili chenye uzito wake, wamtafute mpigaji mmoja wa ngoma za kwao, na mmoja wao alisome kwa sauti mbele ya shule, na wazazi waalikwe.